Vipande Visivyo na Mwenyewe

Siku hizi sensa husoma damu. Alama zilizo kwenye vinasaba hutaja umri wa mtu, na kipande cha vinasaba kisicholingana na mwenye damu hufutwa kama uchafu. Msomaji wa mtaa wetu ni mimi.

Damu ya mama yangu ilinishinda. Nilibadilisha dawa, nikavipanga vipande upya mara tatu, bado vichache vilibaki vya mwanamume wa miaka arobaini na mmoja.

Nilimkuta Mama akichambua mchele, nikamweleza. Mikono yake ikasimama.

“Mimba yangu ya kwanza iliharibika miaka arobaini na mmoja iliyopita,” alisema. “Kumbe bado anakua humu?”

“Anakua, Mama. Chembe za mtoto huweza kubaki katika damu ya mama yake.”

“Basi ni kaka yako mkubwa. Mwamkie.”

Nilipiga goti, kitufe cha kufuta vipande kikiwaka kwenye kifaa cha sensa mkononi mwangu.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba,” Mama akamwitikia.