Mkono Begani

Saumu alikuwa akiandika maelezo ya kuifundisha akili mnemba kutumia chombo cha kutafuta albamu za muziki. Alipofika mahali pa kuweka mfano hakuhangaika. Aliandika jina la albamu aliyoimba na shoga yake Tunu, enzi walipokuwa wakivaa sare moja jukwaani.

Alipolijaribu kwenye chombo, jibu lilikuja papo hapo. Mwimbaji: Tunu. Basi. Kwenye picha ya jalada, Saumu alikuwa amekatwa, ukabaki mkono wake wenye hina juu ya bega la mwenzake. Chini paliandikwa kuwa taarifa zimeletwa na mwimbaji mwenyewe.

Akampigia simu.

"Tunu, nusu ya nyimbo zile nimeimba mimi."

"Shoga, usinipandishie sauti. Muziki uliuacha mwenyewe, ukaolewa na kompyuta. Watu hukumbuka jina moja."

"Na mkono?"

"Mkono gani?"

Kumbe hata alipokuwa akimkata kwenye picha, Tunu hakumtazama. Saumu akakata simu.

Juu kabisa ya maelezo yake palikuwa na kanuni aliyoiandika asubuhi ile: mtu akiuliza nani kaimba, mashine ijibu kilichoandikwa, isiongeze jina. Aliisoma tena, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufuta. Kwenye kioo cha kompyuta, mkono wenye hina ulikuwa bado umelishika bega, kama ulivyolishika siku ile, Tunu alipokuwa akitetemeka kabla ya kupanda jukwaani.