Njia Aliyoifuta Kobelo

Tangu ramani ifanywe kuwa sheria, lango la msitu halikumfungukia mtu, hata mwokoaji, aliyetaka kwenda kwenye njia isiyochorwa. Mkaguzi wa njia peke yake ndiye aliyepita atakapo, na mkaguzi wa Uluguru alikuwa Kobelo, mume wa Asteria.

"Shemeji, njia ya Mgambazi ilifutwa wiki iliyopita," Lukali, ofisa wa ramani, alimwambia Asteria alipokuja kuomba waokoaji. "Aliyeifuta ni mumeo. Hii hapa sahihi yake."

"Alikosea. Kulikuwa na ukungu, akadhani ndiyo iliyoporomoka, kumbe ni ile ya pili. Jana alipanda kuhakikisha, na hajarudi."

"Basi asahihishe. Aliyefuta njia ndiye anayeirudisha."

"Lukali, atasahihishaje, na ndiye aliyepotea?"

Lukali aliinamisha macho. Jumapili alikuwa amekula mihogo nyumbani kwa Asteria na Kobelo. Akamsogezea fomu kwa mikono miwili, kama atoaye rambirambi. "Akifika tu, mpe ajaze."

Asteria alimkuta mama mkwe uani, ameacha kupepeta mchele, uso ameuelekeza mlimani.

"Sikiliza, mwanangu. Ile ni filimbi ya mumeo. Tangu ulipoondoka inalia mara tatu tatu, kama wakaguzi wanavyoitana wakiumia."

Asteria aliketi kando yake, fomu mapajani. Filimbi ikalia tena, kule ambako ramani sasa ilionyesha msitu mtupu. Safari hii ililia mara mbili, ikanyamaza.