Chini ya Milimita Moja

Daktari alichomoa sindano kwenye ufizi, akailaza juu ya rula ya chuma, akasonya. Namba ilikuwa ile ile.

"Vipi?" mume aliuliza. Alikuwa amekataa kukaa; alisimama nyuma ya kiti cha mgonjwa, mikono mfukoni.

"Narudia."

Alikwisha kuwaeleza. Mwanya wa mbele huzibwa kwa kusogeza meno, na meno husogea ndani ya mfupa. Ufizi na mfupa vikiwa vyembamba, chini ya milimita moja, mizizi itabaki nje, na hapo hakuna daktari mwenye akili timamu atakayegusa.

"Ziba tu, daktari," mume alisema. "Akicheka, duka zima linamgeukia. Nimechoka mimi."

"Na wewe, dada, unasemaje?"

"Tulishakubaliana," mume akajibu.

Mke alikuwa amelala kinywa wazi, ncha ya ulimi imejibanza kwenye mwanya kama mguu unaozuia mlango.

Sindano mpya. Daktari aliizamisha mpaka ikagonga mfupa, akateremsha kiduara cha mpira hadi kikagusa ufizi, akaitoa, akapima. Hasira ikampanda. Akageukia picha ya mfupa kwenye kompyuta, akaikuza, akapima jino moja moja. Kompyuta nayo ikashikilia msimamo wake. Miaka yote ya kazi hakuwahi kubembeleza namba. Leo alikuwa anazibembeleza, nazo zimemkazia macho.

"Hapa hujapima," mke alisema taratibu, akionyesha jino la pembeni. "Huenda pako tofauti."

"Ganzi imeanza kuisha, dada. Itauma."

"Wewe pima."

Akapima. Chozi lilimtoka mke, likateremkia sikioni. Daktari aliitazama rula kwa muda mrefu, kisha akavua glavu na kuzitupa.

"Mfupa mwembamba," alimwambia mume. "Ufizi ndio usiseme. Haiwezekani. Hata ukimpeleka kwingine, ni hayo hayo."

Mume alitoka bila kuaga, akaubamiza mlango.

Mke aliinuka, akaufuta mdomo. Kisha akacheka, mwanya wote nje.

Juu ya rula sindano ya mwisho ilikuwa bado imelala, kiduara chake kikisoma milimita mbili kamili, kama zote zilizotangulia.