Kitufe cha Kuacha Kazi

"Je, una uhakika kweli?" kompyuta ilimuuliza Fundi kwa mara nyingine, safari hii ikimwonyesha picha ya mtoto wa paka anayelia.

Uhakika alikuwa nao. Alikuwa anaacha kazi, tena ilibidi awe ameacha kabla ya saa sita mchana. Ikigonga saa sita, mkataba wake ungejirefusha wenyewe kwa miaka miwili, na mdogo wake wa kike alikuwa ameshapanga chumba cha duka lao la kutengeneza simu.

Lakini kampuni kubwa haipokei barua mkononi. Unajaza ukurasa, na ukurasa wenyewe ni ule ule waliotengenezewa wateja wanaotaka kujitoa: ukibonyeza "Ondoka," unarudishwa ulikotoka.

"Baki nasi," ukurasa ulisihi. "Chakula cha bure. Daktari wa familia nzima. Kiti cha kukukanda mgongo."

Yote kweli, wala Fundi hakukana. Mama yake leo anaona kwa sababu ya daktari huyo. Wakwe waliokuwa wakimwita "yule kijana" walianza kumwita "mwanetu" siku alipoajiriwa. Lakini binti yake mdogo, akimwona mezani Jumapili, humvutia kiti na kumwambia, "Karibu, mgeni." Na kazi yenyewe? Mwaka mzima alikuwa akisogeza kitufe kimoja, mara kushoto, mara kulia. Kilikuwa kitufe cha nini, hakujua. Mwenye kujua alikuwa ghorofa nyingine.

Simu ikaita. Alikuwa mdogo wake.

"Kaka, umeshatoka?"

"Bado natafuta njia."

"Njia gani tena? Si unainuka tu unaondoka!"

"Mdogo wangu, hii ni kampuni kubwa."

Kwa hasira akaanza kubadilisha lugha ya ukurasa, moja baada ya nyingine. Kwenye lugha aliyoisoma kidogo shuleni na kuisahau, kikatokea kitufe chekundu, peupe kabisa: "Thibitisha kuondoka."

Kidole kilikuwa bado hewani bosi wake alipoingia mbio, tai imeruka begani, jasho linamtiririka.

"Fundi, tumekwisha! Tangu asubuhi wateja wanajitoa kwa maelfu, na hakuna anayejua wanapita wapi. Nisaidie, ndugu yangu."

Fundi alitazama saa. Muda ulikuwepo. Akibonyeza sasa, kompyuta itamfungia nje hapo hapo asiweze kusaidia tena, na bosi huyu ndiye aliyemkimbiza mama hospitali. Halafu tuseme ukweli: jibu alikuwa nalo, na ulimi ulikuwa unamwasha.

"Tundu liko kwenye lugha," alisema.

Wakaenda kwenye kompyuta ya bosi, idara nzima ikawazunguka. Fundi akaandika, akafuta, akaandika tena. Mmoja akamletea kahawa, mwingine akamtania, wakacheka mpaka machozi. Alikuwa na furaha, furaha ambayo hakuwa ameionja pale kwa muda mrefu. Alipomaliza, wateja wakaacha kupungua, na watu wakampigia makofi.

Bosi akamvuta pembeni. "Nasikia unataka kutukimbia. Baki, Fundi. Nakupa idara yako mwenyewe."

Moyo wake uliyumba. Akamfikiria mama, akawafikiria wakwe. Kisha akamfikiria binti yake akimvutia kiti.

"Asante, bosi, lakini nakwenda," alisema, na sauti haikutetemeka hata kidogo.

"Haya, nenda salama," bosi akajibu kwa upole. "Hapa hatumzuii mtu."

Saa sita ilikuwa bado kidogo. Fundi alirudi mezani kwake kifua mbele, akaketi, akanyoosha kidole kwenye kitufe chekundu.

Hakikuwepo. Akajaribu lugha zote, lakini Fundi akiziba tundu, limezibika.