Barua Elfu za Nungunungu

Nungunungu alihamia mlimani, akawakumbuka mno rafiki zake wa bondeni. Alipojifungua, alitamani wageni.

Kunguru akamletea majina elfu moja aliyoyaokota huku na huku. "Ukiwaita wengi, watakuja wengi," alisema.

Nungunungu akawaandikia wote: "Wapendwa, karibuni mmwone mwanangu." Akapika, akangoja siku saba. Hakuja hata mmoja. Wengi hawakumjua, na baadhi walikwisha kufa.

Ndipo akaandika barua moja tu: "Dada Ndezi, nimekukumbuka. Njoo umpakate mtoto."

Siku ya tatu Ndezi akabisha hodi, akihema.

"Barua ya kwanza hukuipata?" Nungunungu aliuliza.

"Niliipata. Lakini iliita kila mtu, nikadhani mimi hunikumbuki." Ndezi akanyoosha mikono. "Haya, nipe mwanangu."