Ninga Wamerudi

Kisiwani Pemba kila nyumba ilikuwa na mlinzi, mashine ndogo kama kobe, iliyofukuza chochote kisichozaliwa kisiwani. Ndiyo iliyowamaliza panya wa kuja na meli, waliokula mayai ya ninga. Asubuhi hiyo ndege wawili wa kijani walitua kwenye mkarafuu wa Bi Raya.

"Alhamdulillahi," akasema, akaipangusa mashine vumbi kwa ncha ya kanga.

Mkaza mwanawe, Salha, akabisha hodi. Alikuwa ametoka Tanga, alikokwenda kwa mamake kujifungua mimba ya kwanza, kama ilivyo ada.

"Karibu mwanangu. Nipe mjukuu wangu nimpakate."

Mashine ikamnusa Salha, ikampisha, kwani aliandikishwa siku ya harusi. Kisha ikanusa mbeleko, ikawasha taa nyekundu, ikakaa kizingitini, kati ya mtoto na mikono ya bibi yake.