Simu ya Majaribio

"Tunaagiza chai mbili! Moja bila sukari!"

Fundi wa simu akacheka, akatia alama ya vema kwenye orodha. Masijala imepita. Zimebaki ofisi kumi na moja.

Alikuwa katika chumba cha chini cha tawi, akiunganisha mtambo wa simu wa hapo na ule wa makao makuu, upande wa pili wa mji. Kuanzia leo, makao makuu wangepiga simu tawini kwa tarakimu tatu tu. Kila ofisi ya kule ilitakiwa kupiga simu moja ya majaribio, kwa namba aliyoichagua fundi mwenyewe, ya kwanza kumjia kichwani: 114. Kule simu za mkononi huachwa getini, kwa hiyo za mezani ndizo roho ya ofisi. Zikipita zote arobaini kabla ya saa kumi, meneja angempa ajira. Ikikwama hata moja, arudi nyumbani akaendelee na mwaka wa pili wa kukaa bila kazi, kuhesabu mabati ya paa.

Kazi alitafutiwa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, katibu muhtasi wa makao makuu. "Shemeji, ukiniaibisha namchukua dada yangu," alimwambia jana. Leo ofisi nzima ilikuwa imeambukizwa utani wake.

Saa tisa na nusu zilibaki nne, zikaja kwa kufuatana.

"Moto! Ngazi zinaungua! Njooni!"

"Tunakuja na mahindi ya kuchoma. Ofisi gani wewe?"

"Uhasibu! Fanyeni haraka!"

Vema.

Wa pili, wa ugavi, alilia kabisa. Hawa watu wangeigiza redioni! Vema. Wa tatu, wa sheria, akauliza kama gari limeshatoka.

"Limetoka, linatafuta maegesho."

Vema.

Fundi akanyoosha miguu. Ilibaki ya shemeji tu. Tangu aachishwe kazi hakuwahi kujiona mtu namna ile.

Ikalia. Shemeji alikuwa anakohoa.

"Hicho kikohozi chako cha kuombea ruhusa nakijua," fundi akasema huku akitia vema ya arobaini. "Haya, mwambie meneja zote zimepita!"

Kisha, kule, kioo kikapasuka.

"Shemeji?" Sauti ilikuwa ndogo. "Mbona nimepiga 114, zimamoto, umepokea wewe?"